Kinga Inapochelewa Kuja na Kuchelewa Kuondoka

Haya ni maandishi ya hotuba iliyotolewa Jumamosi moja katika ukumbi wa mtaa wa Kaloleni, Nairobi, mbele ya wakazi na wahudumu wa afya ya jamii. Maswali machache yaliyoulizwa yamewekwa mwishoni.

Mwenyekiti, wazee wetu, akina mama, vijana mliosimama mlangoni kana kwamba mko tayari kutoroka, na nyinyi wahudumu wa afya ya jamii mliokuja na mikoba yenu: hamjambo? Ahsanteni. Nimepewa saa moja, na mwenyekiti ameninong'onezea kwamba chama cha akina mama kina kikao humu baada yetu. Basi naingia moja kwa moja.

Tangu mwaka wa 2020 hakuna duka wala kibanda ambacho hakijatuuzia kitu cha "kuongeza kinga". Tangawizi, limau, mwarobaini, vidonge vya zinki, kujifukiza kwa mkaratusi chini ya blanketi. Mimi sina ugomvi na tangawizi, naitia kwenye chai kila asubuhi. Ugomvi wangu ni na hilo wazo la kuongeza. Wengi waliotutoka kwa Korona hawakufa kwa sababu mwili ulikosa nguvu ya kupigana. Walikufa mapafu yakiwa yamejaa askari wa mwili wenyewe, wanapigana vita ambavyo havikuwa na faida tena. Kinga yao ilichelewa kuja, halafu ilipokuja ikachelewa kuondoka. Hilo ndilo ninalotaka kulitetea leo: tukizungumza juu ya kinga na virusi, swali la kwanza si ni nyingi kiasi gani. Swali ni imefika lini, na itaondoka lini.

Kile kinachotuletea homa, uvimbe na maumivu kitaalamu huitwa mchochota. Mroma mmoja aitwaye Celsus aliandika alama zake nne karibu miaka 2,000 iliyopita: wekundu, uvimbe, joto na maumivu. Ukichomwa na mwiba asubuhi, jioni utaziona zote nne kwenye kidole kimoja. Virusi vikiingia puani au mapafuni mambo ni yale yale, ila huwezi kuyaona kwa macho.

Tumchukue abiria aliye kwenye matatu pale Jogoo Road, mwezi wa Julai, madirisha yote yamefungwa kwa sababu ya baridi na kila anayethubutu kufungua anatazamwa vibaya. Mtu anakohoa. Kirusi cha mafua kinatua kwenye ngozi laini ya ndani ya pua yake na kupenya kwenye seli moja. Ndani ya saa chache seli ile inaanza kutoa virusi vipya. Abiria hajui lolote, bado anabishana na kondakta kuhusu chenji.

Lakini seli ile haijalala. Ndani yake mna vipokezi ambavyo kazi yake ni kunusa vitu visivyo vya kwao. Kirusi kinapozidisha chembe zake za urithi, vipokezi vinazitambua, na seli inatoa protini iitwayo intaferoni. Protini hiyo iligunduliwa jijini London mwaka wa 1957 na Alick Isaacs wa Uingereza na Jean Lindenmann wa Uswisi. Waliua virusi vya mafua kwa joto, wakaviweka kwenye utando wa mayai ya kuku, kisha wakaona kwamba seli zilizoguswa na virusi hivyo vilivyokufa zilikuwa zikitoa kitu kinachozikinga seli nyingine zisishambuliwe na virusi hai.

Hapa Eastlands mtu akipiga kelele "Mwizi!" saa nane za usiku, mnajua kinachofuata. Kwanza majirani wanakaza makomeo. Halafu watu wanatoka na rungu. Mwizi akipatikana mapema, mambo yanaishia hapo na kila mtu anarudi kulala. Lakini umati ukiitwa mara ya pili, mara ya tatu, na mwizi haonekani, wale wale waliokuja kusaidia wataanza kuvunja milango, na kukicha mwenye nyumba ana hasara kubwa kuliko ambayo mwizi angemletea. Intaferoni ndiyo kelele ya kwanza. Seli jirani zikiisikia zinafunga shughuli: zinapunguza utengenezaji wa protini, zinakatakata chembe za urithi za kirusi, na zilizokwisha kuambukizwa nyingine hujiua zenyewe ili zisitumike kama kiwanda.

Baadaye unakuja mchochota wenyewe. Seli zinatoa kemikali za kupelekeana ujumbe, ziitwazo saitokini. Mishipa midogo ya damu inapanuka na kuta zake zinalegea, maji yanavuja, na chembe nyeupe za damu zinajipenyeza kutoka ndani ya mshipa kwenda kwenye eneo la vita. Ndiyo maana pua inaziba. Saitokini nyingine zinasafiri na damu hadi kwenye ubongo, na kule inatengenezwa kemikali ya prostaglandini inayopandisha kiwango cha joto ambacho mwili unakilenga. Kwa muda huo ubongo unaamini kwamba nyuzi 37 ni baridi. Unajifunika blanketi mbili, unatetemeka meno yakigongana, na kipimajoto kinasoma 39. Hamu ya kula inapotea, usingizi unakuja mchana, viungo vyote vinauma. Mtu anakwambia, "Daktari, hiki kirusi kimenivunja mifupa." Kirusi cha mafua hakijagusa mfupa wake hata mmoja. Kiko kwenye njia ya hewa. Maumivu yale ni kazi ya mwili wake.

Na ni kazi nzuri. Joto linavisumbua virusi vingi na kuziharakisha chembe nyeupe. Hata ile imani ya bibi zetu kwamba baridi huleta mafua, ambayo sisi wasomi tuliidharau kwa muda mrefu, ina chembe ya ukweli. Ndani ya pua huwa baridi kidogo, karibu nyuzi 33, na virusi vingi vya mafua ya kawaida vinastawi vizuri zaidi kwenye joto hilo kuliko kwenye nyuzi 37 za mapafuni. Watafiti wa Marekani walionyesha mwaka wa 2015, kwa seli za panya, kwamba kwenye joto hilo la chini seli zenyewe hutoa kilio hafifu cha intaferoni. Baridi haizai kirusi. Inachelewesha kilio tu, na tumeshasema kuchelewa ndiko tatizo.

Sasa tuje kwenye Korona, kwa sababu ndiyo iliyotufundisha kwa gharama kubwa.

Ijumaa ya tarehe 13 Machi 2020 serikali ilitangaza mgonjwa wa kwanza hapa Kenya. Yaliyofuata mnayakumbuka, sitayarudia: kafyu, barakoa, mazishi yenye waombolezaji kumi na watano tu. Kirusi kile kina ujanja mmoja mkubwa: kinaziba mdomo wa seli. Kina protini kadhaa zinazozuia intaferoni isitolewe au isisikike. Kwa vijana wengi na watoto, kilio kilisikika mapema hata hivyo, na ugonjwa ukaishia kooni. Kwa wengine, hasa wazee, siku zilipita kimya huku kirusi kikizaliana.

Mwaka huo huo kundi la wanasayansi lililoongozwa na Jean-Laurent Casanova lilipima damu ya wagonjwa 987 wenye nimonia kali ya Korona. Kati yao, 101 walikuwa na kingamwili zinazoshambulia intaferoni zao wenyewe. Yaani mwili ulikuwa umetengeneza silaha dhidi ya kengele yake. Katika hao 101, wanaume walikuwa 95. Wazee wangu mlioko mbele, nawaona mnatazamana. Hiyo ni sehemu tu ya sababu zilizofanya wanaume wenye umri mkubwa kuumia zaidi, lakini ni sehemu yenye ushahidi.

Sasa fikiria wiki ya pili. Ndani ya mapafu mna vifuko vya hewa zaidi ya milioni 300, kila kimoja kimezungukwa na mishipa ya damu myembamba mno, na ukuta kati ya hewa na damu ni mwembamba kuliko kitu chochote mtakachowahi kukishika. Wembamba huo ndio unaoruhusu oksijeni kupita. Na wembamba huo ndio unaofanya mapafu kuwa mahali pabaya kabisa pa kupigania. Yale maji yanayovuja, ambayo puani yanakuletea makamasi tu, hapa yanajaza vifuko. Chembe nyeupe zinamwaga kemikali za kuunguza. Damu inaanza kuganda kwenye mishipa midogo. Kirusi kwa wakati huu mara nyingi kimeshapungua sana. Wodini tuliwaona watu wameketi kitandani wanaongea kwenye simu, wanamuuliza mke kama ng'ombe amekamuliwa, huku kifaa kilichobanwa kidoleni kupima oksijeni ya damu kikisoma asilimia 80. Mtu mwenye afya anapaswa kusoma 95 kwenda juu.

Tarehe 16 Juni 2020 kikatoka kitu ambacho, kwa maoni yangu, ni miongoni mwa majaribio ya tiba yenye manufaa makubwa kabisa ya wakati wetu. Chuo Kikuu cha Oxford kilitangaza matokeo ya deksamethasoni, dawa ya steroidi iliyokuwapo tangu miaka ya 1950, ya bei nafuu, inayopatikana mpaka kwenye zahanati. Haiui kirusi. Inatuliza mchochota, basi. Wagonjwa 2,104 walipewa miligramu 6 kwa siku, hadi siku 10, wakalinganishwa na 4,321 walioendelea na huduma ya kawaida. Kati ya waliokuwa kwenye mashine za kupumulia, vifo ndani ya siku 28 vilishuka kutoka asilimia 41.4 hadi 29.3. Kwa waliohitaji oksijeni bila mashine, kutoka 26.2 hadi 23.3.

Nawaomba msikilize kundi la tatu, kwa sababu magazeti hayakulipa nafasi. Wale ambao hawakuhitaji oksijeni kabisa, waliopewa dawa walikufa kwa asilimia 17.8, na ambao hawakupewa asilimia 14.0. Kitakwimu tofauti hiyo haitoshi kuthibitisha kwamba dawa iliwadhuru. Lakini faida haikuonekana, na mwelekeo wenyewe haupendezi. Dawa ni ile ile, kipimo ni kile kile, ugonjwa ni ule ule. Kilichobadilika ni hatua ambayo mtu yuko. Ukinyamazisha mchochota mapema, umewafukuza walinzi kirusi kikiwa bado mlangoni. Ukiutuliza baada ya vita kugeuka kuwa uharibifu, umeokoa maisha.

Je, sisi tulifanya nini na habari hiyo? Nitasema kwa uwazi, kwa sababu niliyaona. Watu walikwenda kemisti siku ya pili ya kikohozi na kuomba "ile dawa ya Korona". Wengine wakapewa. India yalitokea makubwa zaidi mwaka wa 2021: matumizi holela ya steroidi, pamoja na kisukari, yalichangia mlipuko wa ugonjwa wa kuvu unaokula pua na macho, na walioupata walikuwa zaidi ya 40,000. Ukitaka kuondoka hapa na jambo moja la kumwambia mumeo au mkeo leo jioni, mwambie asinunue deksamethasoni kwa ajili ya homa.

Sasa niwatoe kwenye Korona kidogo, tuangalie ini.

Homa ya ini aina ya B ina jambo linaloshangaza hata wanafunzi wangu. Kirusi chenyewe hakiui seli za ini. Kinaweza kuishi humo kwa utulivu miaka mingi. Anayeliharibu ini ni kinga inayokwenda kuzitafuta seli zilizoambukizwa. Mtu mzima anayeambukizwa leo, macho yakawa ya njano, mkojo ukawa kama chai ya rangi, akatapika na kulala wiki kadhaa, huyo kwa kawaida ndiye anayekiondoa kirusi. Watu wazima wapatao asilimia 95 hufaulu. Mtoto mchanga anayeambukizwa na mama wakati wa kuzaliwa hana homa, halii, ananyonya vizuri, na wote wanasema mtoto ni mzima. Takriban 9 kati ya 10 wa watoto hao hubaki na kirusi maishani. Kinga yao haikupiga kelele kwa wakati. Itakuja kunung'unika baadaye, kidogo kidogo, kwa miaka 20 au 30, na mchochota huo usioisha ndio unaoleta makovu kwenye ini na hatimaye saratani. Mama anayeniambia mtoto wake "hakusumbuka hata kidogo" kwa chanjo za wiki ya 6, ya 10 na ya 14, namwambia ashukuru, kwa maana ndani ya sindano ile mna kinga ya ugonjwa huu tangu mwaka wa 2001.

Chikungunya, homa ya virusi inayoletwa na mbu, nitaipita haraka. Iliwapata Lamu mwaka wa 2004, na uchunguzi uliofanywa baadaye ulikadiria kwamba robo tatu ya watu wa kisiwa kile waliambukizwa. Homa iliisha kwa siku chache. Maumivu ya viungo kwa baadhi yao yalikaa miezi, wengine miaka, mtu hawezi kukamua nguo. Mchochota uliobaki nyuma ya kirusi.

Ninapotaka kukaa ni Pumwani, jirani zetu hapa.

Mwaka wa 1985 watafiti wa Chuo Kikuu cha Nairobi na wenzao wa Chuo Kikuu cha Manitoba, Kanada, walianza kuwafuatilia wanawake waliokuwa wakifanya biashara ya ngono katika mtaa wa Majengo, huko Pumwani. Ulikuwa mwanzo wa UKIMWI, dawa hakuna, na wanawake wengi sana waliambukizwa. Lakini baada ya miaka kadhaa ikaonekana kwamba wapo wachache wanaorudi kliniki kila mara na majibu yao hayabadiliki. Hawana VVU. Wanakutana na virusi kama wenzao, hawaambukizwi. Taarifa yao ilichapishwa mwaka wa 1996 na dunia nzima ikageuza shingo kuitazama Majengo.

Kila mtu alitarajia kukuta kinga kali. Na kweli baadhi yao walikuwa na seli zinazokitambua kirusi. Lakini watafiti walipochunguza zaidi, miaka ya 2000 ikielekea kwisha, walikuta kitu ambacho hakuna tangazo la vidonge lingekisema: seli zao za kinga zilikuwa zimetulia kuliko za wengine. Zilikuwa na uwezo wa kuamka zikihitajika, ila kwa kawaida zilikuwa zimepumzika. Maelezo yake si magumu. VVU vinaishi ndani ya seli za CD4, ambazo ni aina ya chembe nyeupe za damu, na vinazipenda zilizoamka. Seli iliyolala ni mlango mgumu. Mahali penye mchochota pamejaa seli zilizoamka na zilizoitwa kutoka kwingine, yaani kinga imewapelekea maadui chakula mezani. Na hata kwa wanawake hao ulinzi haukuwa wa milele. Baadhi yao walioacha kazi kwa muda na kuirudia waliambukizwa baadaye.

Wanawake hao walitoa damu yao mwaka baada ya mwaka, wengi bila kutajwa jina popote, na elimu iliyotokana nao inafundishwa vyuo vikuu vya dunia nzima. Sijaona hata kichochoro kimoja cha Nairobi kilichopewa jina la kuwakumbuka. Haya, tuendelee.

Hii ndiyo sababu kisonono au vidonda vya sehemu za siri visivyotibiwa vinafungua njia ya VVU. Afrika Kusini, KwaZulu-Natal, ilionekana kwamba wanawake waliokuwa na dalili za mchochota ukeni, hata pasipo ugonjwa wa zinaa unaojulikana, walikuwa na uwezekano wa kuambukizwa unaokaribia mara tatu ya wenzao. Na Mombasa, katika utafiti wa miaka 10 uliochapishwa mwaka wa 2006, waliokuwa wakiosha ndani ya uke, hasa kwa sabuni, walikuwa kwenye hatari kubwa zaidi kuliko wasioosha. Vijana, acheni kucheka. Akina mama, mahali pale panajisafisha penyewe. Nje osha kwa maji, ndani paache.

Na kwa ndugu zetu wanaoishi na VVU na wanaotumia dawa: zile siku unazosema "najisikia vizuri, nipumzike kidogo na vidonge", ndizo siku mchochota unapoamka. Kulikuwa na utafiti mkubwa wa nchi 33, watu 5,472, uliojaribu jambo hilo hilo kwa nia njema, kuwapa watu mapumziko. Ulisimamishwa mwaka wa 2006 kwa sababu waliopumzika walikufa zaidi, na si kwa magonjwa nyemelezi pekee. Moyo, figo na ini viliathirika pia. Damu yao ilikuwa na alama za mchochota zilizopanda ndani ya mwezi mmoja tu.

Kuna kiumbe anayelijua somo hili kuliko sisi. Tumbili, yule wa uso mweusi anayetunyang'anya ndizi. Jamaa zake wa porini hapa Afrika Mashariki wamebeba kirusi ambacho ni ndugu wa VVU kwa vizazi visivyohesabika. Ukipima damu ya tumbili aliyeambukizwa, virusi vimejaa. Na mnyama ni mzima, anazaa, anazeeka. Kirusi cha jamii hiyo kikiingizwa kwa nyani wa Asia waitwao makaki, wanakonda na kufa kwa UKIMWI wa kinyani. Tofauti iliyoonekana si kwamba tumbili anakishinda kirusi. Wiki za mwanzo kinga yake inawaka kama ya makaki. Halafu inazimika, virusi vikiwa bado vipo. Kwa makaki haizimiki. Mimi jambo hili hunifikirisha sana, kwa sababu tumezoea kudhani ugonjwa ni kuwapo kwa mdudu. Kwa tumbili mdudu yupo, ugonjwa haupo.

Nimemaliza, mwenyekiti. Dakika zilizobaki nawapa wenye maswali.

Kijana mmoja: Daktari, nimesoma mtandaoni kwamba hapa Nairobi asipirini imejaribiwa kuzuia UKIMWI. Ni kweli?

Ni kweli nusu, kijana wangu. Watafiti wale wale wa Majengo walijiuliza: kama utulivu wa seli unalinda, je, tunaweza kuuleta kwa dawa? Wakawapa wanawake wa hapa asipirini ya kipimo kidogo kila siku kwa wiki kadhaa, na ukeni zile seli ambazo VVU vinazitafuta zikapungua kwa takriban theluthi moja. Matokeo yalichapishwa mwaka wa 2018. Ni dalili nzuri. Lakini utafiti ulikuwa mdogo, na kupunguza seli si sawa na kuzuia maambukizi. Kondomu iko, vidonge vya kujikinga kabla ya kukutana na kirusi viko na vinatolewa bure katika vituo vya serikali. Asipirini inatoboa tumbo ukiizoea vibaya. Usiiweke badala ya vitu vinavyojulikana kufanya kazi.

Mama mmoja: Daktari, umesema homa inasaidia. Basi mtoto akiwa na homa nimwachie tu, nisimpe dawa?

Mama, swali zuri, na nashukuru umeliuliza kabla hujafika nyumbani. Parasetamoli kwa kipimo cha uzito wake haitamdhuru wala haitaharibu kinga yake. Mpe kama anateseka, halali, hanywi. Usimpe kwa sababu tu kipimajoto kimesoma 38 naye anacheza. Asipirini usimpe mtoto hata kidogo. Tangu miaka ya 1980 inajulikana kwamba kwa mtoto mwenye mafua au tetekuwanga inaweza kuleta madhara mabaya ya ubongo na ini. Kama mmetoka Pwani au Kisumu, mtoto apimwe malaria kwanza. Na kama ni dengi, homa nyingine ya virusi vya mbu ambayo Mombasa imeshaipata mara kadhaa, msitumie asipirini wala ibuprofeni kwa sababu ya kuvuja damu. Tena dengi ina hila: hatari huja homa inaposhuka, wakati kila mtu ameanza kushangilia. Hapo ndipo mishipa huvuja. Mtoto akitapika mfululizo, tumbo likimuuma sana, fizi zikitoa damu, mkimbize. Mtoto wa chini ya miezi mitatu akipata homa, usingoje lolote, mlete.

Mhudumu wa afya ya jamii: Mimi nina hiki kifaa cha kidole. Kikisoma 94 na mgonjwa anasema yuko sawa, nifanye nini?

Kwanza hakikisha kidole hakina rangi ya kucha na hakijaganda kwa baridi. Msugue mkono upate joto, ungoje mpaka namba itulie. Pili, jua kwamba vifaa hivi kwenye ngozi nyeusi kama yangu na yako mara nyingine husoma juu kuliko ukweli. Ilionyeshwa wazi Marekani mwaka wa 2020. Kwa hivyo 94 yako huenda ni 91. Mwambie asimame na kuketi kwenye kiti kwa dakika moja mfululizo, kisha mpime tena. Ikishuka kwa alama 3 au zaidi, anakwenda kituoni leo, hata akikwambia hajisikii vibaya. Ikisoma chini ya 90 hakuna cha kupima tena, tafuta gari. Na kabla hajaondoka, andika kwenye daftari lake siku homa ilipoanza, kwa tarehe, usiandike "juzi". Aliye siku ya 3 na aliye siku ya 9 wanaweza kuwa na namba ile ile kidoleni, na hawatapewa dawa ile ile.